Natangaziwa kanikapila, kijiwe cha muziki wa Hawaii, nafika nakuta projekta na mashine ya kadi. Huu uhuni utaisha lini?

Wakuu salaam. Mods, tafadhali msiupeleke uzi huu kule burudani. Haya ni malalamiko, na nikimaliza kuandika mtaona kwa nini.

Ndio kwanza nimevua koti. Nimeendesha dakika hamsini kwenye theluji, Minnesota, Februari, baridi ile ambayo ukivuta pumzi pua inashikana. Ukulele, kile kigita cha Hawaii, nimeifunga blanketi la mtoto na kuilaza kiti cha nyuma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tangazo lilisema "kanikapila ya wazi, wote karibuni". Nafika, mlangoni meza, mezani dada na mashine ya kadi: dola kumi na tano. Nikalipa. Akanivisha shingoni taji la maua ya plastiki. Ndani viti kama arobaini vimepangwa mistari utadhani mtihani wa darasa la saba, kila kiti na stendi yake ya karatasi, na ukutani projekta inamulika maneno na kodi za kila mstari (kodi za gita, siyo za TRA). Mbele kasimama jamaa na maiki ya kichwani anatuhesabia: moja, mbili, tatu, nne.

Tumepiga nyimbo kumi na moja. Za Hawaii mbili. Na kati ya hizo mbili, moja ni ile ya upinde wa mvua, ambayo asili yake ni ya filamu ya Marekani; Israel Kamakawiwoʻole, mwimbaji wa Hawaii, ndiye aliyeichukua na ukulele yake ikawa kama ya kwao. Marehemu simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni watu wanaodhani visiwa vizima vina wimbo mmoja.

Saa mbili na nusu taa zikawashwa, wakakunja stendi, "tuonane mwezi ujao". Hakuna mtu aliyeniuliza jina. Hakuna hata chai!

Sasa kwa msiojua nalilia nini. Kanikapila kwa Kihawaii ni kama kusema "ala na ilie". Siyo onyesho, siyo darasa, siyo klabu. Ni baraza. Ni kijiwe chenye magita. Mimi nilikaa Honolulu miaka sita, mpishi kwenye hoteli ya watalii Waikiki, nikapanga chumba Kalihi kwa mzee mmoja ambaye kila Ijumaa jioni alikuwa anatoa gari nje, anapanga viti vya kukunja, anaweka boksi la barafu katikati, basi. Haiti mtu. Watu wanajitokeza wenyewe, huyu na sinia la wali, yule na samaki mbichi aliyekatwakatwa na kukolezwa mafuta ya ufuta, kandambili zinarundikwa mlangoni kama msikitini. Kule kila mzee ni Uncle na kila mama ni Aunty, hata kama hamjawahi kuonana, kwa hiyo mtoto wa Tanga hakupata shida kuzoea. Nilichokikosa ni shikamoo tu.

Na hakuna anayehesabu moja mbili tatu! Hilo ndilo linaloniuma. Anayeanzisha wimbo anapiga vampu, yaani kodi chache za kuanzia: kama yuko C, anapita D7, G7, anatua C, anarudia tena, na hapo kila mtu ameshajua wimbo uko wapi na unakwenda mwendo gani. Ubeti ukiisha, vampu tena, na wakati inapita anayeongoza anaita maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata ili walioyasahau wayadake. Ukisikia anaita "haʻina", elewa ngoma inafungwa, jiandae. Nani anahitaji projekta hapo? Mimi Kihawaii changu kilikuwa cha kuombea chumvi, lakini baada ya miezi mitatu nilikuwa naimba beti nzima, maana kila ubeti unaimbwa mara mbili. Ya kwanza unasikiliza, ya pili unaingia.

Uncle yule alinifundisha na kulegeza nyuzi, wenyewe wanaita kī hōʻalu. Gita unalishusha nyuzi mpaka ukilipiga bila kubana chochote linatoa kodi nzima ya G: D-G-D-G-B-D. Jina la tyuni hiyo kwa Kiingereza chao ni "shamba la magimbi". Niliposikia nilicheka peke yangu, nikamkumbuka bibi na magimbi yake ya nazi. Dole gumba linatembea na besi, vidole viwili vinacheza juu, mtu mmoja anasikika kama wawili. Hakunifundisha kwa karatasi. Alikuwa anasema "angalia", anapiga, kisha anakwenda kuongeza barafu.

Na hata wakubwa wao walikuwa hivyo hivyo. Gabby Pahinui, baba wa gita hili, mchana alikuwa kibarua wa barabara za halmashauri, na nyumba yake ya Waimānalo ilijulikana kwa ngoma za uani zilizoanza mwisho wa wiki na kwenda siku kadhaa. Waliokuja kuwa majina makubwa walipita pale, kwenye viti vya plastiki. Sasa mtu ananiletea stendi!

Nirudi huku. Mwaka wa tatu huu nimehamia, mama watoto kapata kazi ya unesi, na mwaka wa tatu natafuta. Niliyoyakuta:

Mgahawa mmoja, usiku wa Hawaii, tiketi dola sitini. Sketi za nyasi za nailoni, moto wa kuzungusha (wa Samoa huo, siyo wa Hawaii, ila nani anajali). Nilipouliza kama baada ya onyesho watu huwa wanakaa kupiga, meneja alinitazama kama nimeomba kulala jikoni.

Kundi la mtandaoni, wanachama mia na kitu. Tangazo la mwisho la kukutana lina umri mkubwa kuliko mwanangu. Nikaandika "kuna mtu hai humu?" Nikajibiwa na muuza miwani.

Duka la ala: "tuna warsha, wiki sita". Sitaki warsha! Nataka kukaa.

Halafu kuna yule bwana kwenye simu, aliyesema kwao wanapiga kila mwezi, nikafurahi, akauliza "kwani wewe una damu ya Hawaii?" Nikasema hapana, natoka Tanzania. Akasema ni ya familia tu. Haya, nyumba yako, sikulazimishi, na watu waliopinduliwa ufalme wao mwaka 1893 na lugha yao kutolewa shuleni miaka mitatu baadaye wana haki ya kufunga mlango. Hilo nalielewa kuliko anavyodhani. Lakini huyo bwana mwenyewe lafudhi yake ilikuwa ya hapahapa Minnesota, na mke wake ndiye aliyewahi kuishi kisiwani Maui miaka miwili! Ukulele ilizaliwa kwa vigita vya Wareno wa Madeira walioshuka Honolulu mwaka 1879. Gita lililetwa na wachunga ng'ombe wa Kimeksiko walioitwa na mfalme miaka ya 1830. Muziki wote umejengwa na watu waliokuja na kukaribishwa, halafu wewe unaniulizia damu kwa simu.

Nilibahatika mara moja. Mara moja tu! Nilikuwa kwenye duka la vyakula vya Asia, mbele yangu mama mmoja ana makopo kumi na mawili ya Spam, ile nyama ya kopo, na pakiti za mwani. Makopo kumi na mawili ya Spam, huyo hawezi kuwa wa kwingine. Nikamsogelea, nikamwambia "Aunty, samahani, wa visiwani?" Akageuka, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza swali ambalo watu wa kule humuuliza kila mtu: "Umemaliza shule gani?" Nikamjibu, Tanga Tech. Alicheka mpaka akashika toroli. Jumamosi yake nilikuwa kwenye banda lao la gari, mjukuu anatimiza mwaka, hita mbili za gesi zinaunguruma, wazee watatu na magita, mmoja na besi ya pipa. Walinipa zamu. Nilikosea ubeti wa pili, hakuna aliyesimama, vampu ikaendelea mpaka nikajikusanya. Nilirudi nyumbani saa nane usiku nanuka wali na moshi, mama watoto akasema hajaniona hivyo tangu tuhame.

Nilihudhuria mara tatu. Kisha familia nzima ikahamia Las Vegas. Wenyewe wanaiita kisiwa cha tisa, kwa jinsi walivyojaa kule. Visiwani nyumba hazishikiki, na sensa ya 2020 ilionyesha zaidi ya nusu ya Wahawaii asilia wanaishi nje ya kwao. Wametawanyika Marekani nzima, halafu mimi nimeangukia pale ambapo wanapita tu!

Na baridi nayo inanipiga vita. Hita inakausha hewa ya nyumba, mti wa koa ulioundia ukulele yangu unasinyaa. Usiku wa kuamkia Jumapili nilisikia "tak" kama mtu kavunja kijiti cha kiberiti. Asubuhi nakuta ufa mgongoni mwa ukulele, urefu wa kidole cha kati. Sasa naiwekea sifongo mbichi kwenye kikebe cha sabuni chenye matundu, ndani ya boksi lake. Ufa umesimama ila haujarudi.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza.

Aliyesema "Mswahili na Hawaii wapi na wapi": baba yake Obama alitoka Kenya akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Na pale Léopoldville (Kinshasa ya leo), mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, maarufu Jhimmy, aliutikisa mji kwa upigaji wa gita uliopewa jina la Hawaii. Ukiisikia rumba unayoipenda, Hawaii imo humo kidogo.

Aliyesema nipige na YouTube: YouTube haikupi zamu, mkuu.

Aliyesema "acha kulia, anzisha yako": umenigusa pabaya. Nilijaribu Novemba. Walikuja wawili, mmoja akauliza karaoke iko wapi.

Lakini haya. Mtu yeyote aliye Minneapolis, St. Paul au karibu, awe Mhawaii, Msamoa, Mkongo, Mgogo, sitamuuliza damu wala shule. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, chini ya nyumba yangu, kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo PM nikupe mtaa. Ukulele ninazo mbili, yenye ufa naipiga mimi. Wali wa nazi napika. Wewe njoo na kitu cha kunywa, na viatu viache mlangoni.