Msimu umeisha, vijana wa vyuoni huku Kusini wanaishia wapi?

Kuchele Damu (Mtwara mjini), Julai 2025

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Msimu ndio umeisha huo, Yanga kabeba ubingwa wa nne mfululizo kwa pointi 82, Simba 78, mimi sina timu kati ya hizo mbili kwahiyo naongea nilichokiona kwa macho yangu. Yanga alistahili, timu ambayo hata ikicheza vibaya inashinda ndio bingwa huyo, hapo sina ubishi na mtu.

Kilichoniuma ni ile dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi. Kibanda umiza cha huku kwetu Chikongola mwenye nacho alikodi mpaka viti vya harusi maana mabenchi hayakutosha, watu wameshalipa tangu saa nane, mama wa mihogo kaongeza karai la pili, mara taarifa inakuja mechi imeahirishwa. Watu wamekaa tu wanaangalia skrini, hakuna anayenyanyuka. Imekuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga kashinda 2-0, lakini ule utamu ulishatoka. Mechi kubwa kuliko zote nchini haitakiwi kuahirishwa siku ile ile, mtu katoka Tandahimba kwa bodaboda kuja kuiangalia.

Haya tuje kwetu. Ndanda FC ilipanda ligi kuu msimu wa 2014/15 ikakaa misimu sita, 2019/20 ikashuka, mpaka leo haijarudi na mimi bado inaniuma. Uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona siku anakuja Simba au Yanga mji ulikuwa haulali. Sasa hivi Kusini nzima, Mtwara na Lindi, tumebaki na Namungo ya Ruangwa peke yake ligi kuu, na msimu huu sijaipenda, haikushuka ila haikumtisha mtu.

Ila kilichonifanya nifungue uzi huu ni mechi ya vyuo niliyoiona mwezi uliopita. Bonanza tu la kawaida, vyuo vinne, uwanja wa mchanga, jua la saa kumi. Kulikuwa na dogo mmoja wa chuo cha ualimu, namba nane, mguu wa kushoto. Mechi ya kwanza ilivyoisha beki wa chuo kingine akavua njumu pale pale kwenye mstari akampa, dogo akazivaa zikiwa na jasho la mwenzie, ya kulia soli imeachia kaifunga kwa kamba ya katani kuzunguka mguu wote. Akaingia. Wakuu nimeangalia mpira miaka mingi, yule mtoto mpira ukimfika anakuwa ameshajua anaupeleka wapi, alipiga pasi moja kutoka katikati ikapita kati ya mabeki wawili ikamkuta winga bila hata kupunguza mwendo, watu wa pembeni wote tuliinuka. Na ile njumu ya kamba.

Swali langu, hawa watoto wanaishia wapi? Mbona usajili wa ligi kuu kila mwaka majina ni yale yale yanazunguka timu hii kwenda ile? Na swali la pili, sisi wa Mtwara tulioachwa yatima na Ndanda ni vibaya tukihamia Namungo?

Mwana Ruangwa

Karibu sana ndugu yangu wa Mtwara, nyumbani ni nyumbani, Namungo sio ya Ruangwa tu, ni ya Kusini. Wala sio vibaya.

Nikukumbushe kitu maana watu wanasahau haraka. Namungo tulipanda 2019, msimu wa kwanza tu tukamaliza nafasi ya nne na tukaingia fainali ya kombe la FA, tukacheza na Simba kule Sumbawanga Agosti 2020, tukafungwa 2-1, Edward Manyama ndio alitufungia letu. Kwa kuwa Simba alikuwa bingwa wa ligi pia sisi tukaenda Shirikisho Afrika. Timu ya Ruangwa! Tukakutana na Primeiro de Agosto ya Angola, mambo ya korona yakaingilia safari ya Luanda, mechi zote mbili zikachezwa Dar, ya kwanza tukawapiga 6-2, ya pili wakatupiga 3-1, tukapita kwa jumla ya 7-5. Siku ile ya mabao sita nilikuwa nasikiliza redioni kwenye duka la pembejeo, mwenye duka aliacha kuuza salfa.

Makundi tulikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, hatukupata hata pointi, ni kweli, lakini tulifika.

Sasa ninachotaka kusema kwa uchungu kabisa, siku Simba au Yanga wakija Majaliwa uwanja unajaa jezi nyekundu au kijani. Wamevaa watu wa hapa hapa, jirani zangu, wamwera wenzangu. Mchezaji wetu anapiga kona anazomewa na watoto wa shule aliyopita jana kuwagawia madaftari. Halafu wiki inayofuata anakuja mgeni asiye na jina uwanja uko wazi, unasikia mpaka kocha anavyoita majina. Mnataka timu ifanye nini na mapato ya hivyo?

Njia kwa anayetoka Mtwara, unapanda gari mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi, pale njia panda ya Masasi, unashika ya Masasi unapita Mtama na Nyangao, unashuka Nanganga, pale unapata ya kuingia Ruangwa. Mechi za saa kumi ukitoka alfajiri unafika na muda wa kula unao.

Mwalimu Mtarajiwa

Naomba nijibu swali la kwanza maana mimi niko chuoni na nacheza, beki wa kati.

Mkuu wanaishia kwenye ratiba. Sisi bonanza linawekwa muda wowote, mara limeangukia wiki ya majaribio, mara nusu ya timu iko BTP (mazoezi ya kufundisha) huko Nanyumbu na Liwale. Mwaka wa kwanza unakuwa fiti, mwaka wa pili ukisapua (ukifeli ukatakiwa kurudia mtihani) hata masomo mawili mpira unauweka pembeni kwa lazima. Halafu mechi za vyuo zimeharibiwa na mamluki, ukifika fainali unakuta chuo kimeleta watu watano wa mtaani wana vitambulisho vya kuazima, mwanafunzi halisi anakaa benchi kwenye timu ya chuo chake. Sasa hata kama kuna mtu kaja kuangalia vipaji anaondoka na jina la mtu ambaye sio mwanafunzi.

Mimi mwenyewe nilienda majaribio Dar kwenye klabu moja ya ligi kuu, siitaji. Nauli nilikopa kwa dada. Tulifika vijana kama mia na kitu, wakatugawa timu timu, nikacheza dakika kumi na tano, katika hizo mpira niligusa mara nne nazikumbuka zote. Kocha muda mwingi alikuwa anaongea na simu. Tukaambiwa tutapigiwa. Nilisubiri siku tatu kwa jamaa yangu Mbagala nikarudi zangu.

Ndio maana wengi wanaona bora ndondo, zile mechi za mtaani, unaitwa mechi moja Masasi unapewa elfu ishirini na nauli, jioni uko nyumbani. Ndondo inakulisha leo lakini inakuua goti, nina rafiki yangu kaumia Newala kwenye uwanja wa mteremko, hakuna aliyemuuliza tena.

Mnazi wa Simba Lindi

Naomba nipingane na ndugu yangu wa Ruangwa kwa heshima. Mimi ni wa Lindi mjini, Simba nimepewa na baba yangu kabla Namungo haijajulikana, sitaiacha kwa sababu timu ya jirani imepanda. Mwaka huu tumefika fainali ya Shirikisho, tukafungwa 2-0 kule Berkane, Zanzibar tukatoka 1-1, nililia kama mtoto na sioni aibu. Huwezi kuniambia yale mapenzi niyahamishe.

Lakini kuzomea mchezaji wa Kusini akiwa nyumbani kwake hilo naungana na wewe, sio uungwana. Siku ya Simba nitavaa nyekundu, mechi zingine zote 14 za Majaliwa nikiwa na nafasi nitakuja kuishangilia Namungo na nitalipa kiingilio. Shida ni kwamba mechi nyingi zinawekwa katikati ya wiki, mtu wa Lindi aache biashara Jumatano aje Ruangwa? Na tangazo lenyewe la mechi tunaliona siku moja kabla. Msimu wa korosho watu wana hela mkononi baada ya minada, Oktoba mpaka Desemba, hapo ndio timu ingepita na gari la matangazo Mtama, Nachingwea, Masasi, hata Mtwara. Watu wa Kusini wanapenda mpira, hawajaalikwa tu.

Kocha Mstaafu wa Shule

Vijana wangu shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjanipa.

Nimefundisha sekondari na kusimamia timu za shule zaidi ya miaka ishirini. Nyinyi mnamlilia Ndanda, sisi tulimlilia Bandari ya hapa Mtwara na Kariakoo ya Lindi, timu zilizokuwa zikitajwa redioni watoto wananyamaza. Hizo zote zilikuwa na watoto wa hapa kwa hapa, mtu ametoka kupakia magunia mchana jioni anacheza.

UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ilikuja Mtwara 2019, ikaja tena 2021. Nilikuwepo miaka yote miwili. Watoto wa mikoa yote walikuwa hapa mlangoni kwetu, wiki nzima za mpira, asubuhi na jioni. Nilitegemea kuona watu wa klabu wamejaa na madaftari. Niliowaona wanaandika majina walikuwa wachache mno, na hao walitoka mbali. Watoto wetu wawili waliofanya vizuri, mmoja leo anaendesha bodaboda Mkanaredi na mwingine ni fundi magari. Wanaishi vizuri, wana familia, sisemi maisha yao ni mabaya. Lakini nikikutana nao nawasalimia haraka haraka napita, kwasababu naona kama kuna kitu niliwaahidi.

Kijana wa chuo amesema kweli kuhusu mamluki. Hilo linaanzia kwetu walimu, tunataka kombe kuliko mtoto. Na kuhusu usajili, msimu wa 2024/25 klabu za ligi kuu ziliruhusiwa wageni 12, sina tatizo na mgeni, anafundisha wenzake, ila klabu ya Kusini ikikosa mtu wa benchi inapiga simu kwa wakala Dar kabla haijavuka kwenda Nachingwea kuangalia. Kila klabu ya ligi kuu ina timu ya vijana chini ya miaka 20, mlango ni huo, na huo hauhitaji wakala. Unahitaji mwalimu ampeleke mtoto na karatasi zake zikiwa sawa. Tatizo mtoto wetu anafika na umri wa mdomoni tu.

Kuchele Damu, huyo namba nane wako ana miaka mingapi?

Kuchele Damu

Shikamoo mwalimu, samahani sana. Umri wake siujui, baada ya mechi nilimfuata nikamkuta keshavua zile njumu anazirudisha kwa mwenyewe, tukapeana mkono tu, basi la chuo likaondoka nao.

Mwana Ruangwa asante kwa njia, msimu ukianza nakuja na wenzangu wa hapa mtaani, tumeshafika saba, tukifika kumi na tano tunakodi hiace nzima turudi usiku ule ule. Mnazi wa Simba tukupitie hapo Mnazi Mmoja?

Mnazi wa Simba Lindi

Nipitieni. Nitakuwa na jezi ya Namungo, naitafuta kuanzia sasa maana hapa Lindi mjini maduka yote ni za Simba na Yanga.

Mwana Ruangwa

Njooni nazo hela, jezi nitakutafutieni huku.

Mwalimu Mtarajiwa

Mkuu huyo namba nane namfahamu, tulikuwa kundi moja, mimi ndio beki niliyempa njumu. Ana miaka 19, anaingia mwaka wa pili. Saa hizi yuko kwao Newala, amerudi likizo anamsaidia mama yake kupulizia mikorosho, simu yake inashika akipanda juu kwenye kilima tu kwahiyo nitampata jioni.

Kocha Mstaafu wa Shule

19 bado anaingia timu ya vijana, ila ni msimu huu au basi. Mwambie atafute cheti cha kuzaliwa kwanza, kama hana aanze kufuatilia kesho asubuhi pale wilayani, na cheti cha kidato cha nne majina yafanane herufi kwa herufi. Ruangwa nitampeleka mwenyewe, nauli yake na yangu ni juu yangu. Anavaa njumu namba ngapi?

Mwalimu Mtarajiwa

Zangu ni 43 na zilikuwa zinampwaya mwalimu, alikuwa anaweka gazeti mbele. Nadhani 41.