Amri ya muda ya malezi: rufaa sasa, au tungoje hukumu?

kondele_k
Wakuu, naomba mwelekeo. Kesi ya watoto iko mbele ya hakimu hapa Kisumu na bado haijasikizwa. Tarehe 3 mwezi huu zilitolewa amri za muda: watoto wakae na mama, baba alipe karo pamoja na 15,000 kila mwezi. Upande wa baba wanataka kukimbilia Mahakama Kuu. Wengine wanasema hakuna rufaa mpaka hukumu itoke. Nani yuko sawa? Na rufaa ikiingia, malipo yanasimama?

section58_nakuru
Wanaosema "mpaka hukumu" wamezoea kusoma mambo ya Marekani. Kwetu Kenya uamuzi mdogo (amri inayotolewa kesi ikiendelea) unaweza kukatiwa rufaa, ila si kila uamuzi. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai (Sura ya 21) na Agizo la 43 kanuni ya 1 la Kanuni za Utaratibu wa Madai vina orodha ya amri ambazo rufaa yake ni haki. Mfano ni zuio la muda chini ya Agizo la 40, au mahakama kukataa kufuta hukumu iliyotolewa mtu akiwa hayupo. Amri isiyo kwenye orodha inahitaji ruhusa, na ruhusa huombwa kwanza kwa mahakama iliyotoa amri: kwa mdomo papo hapo uamuzi unaposomwa, au kwa ombi ndani ya siku 14.

Hapo ndipo wengi huumia. Wanazijua siku 30 za kifungu cha 79G, zile 14 wanazisahau. Memorandamu (hati ya sababu za rufaa) inaingia siku ya 25, imelipiwa, ina namba ya kesi, kisha wakili wa upande wa pili anainua pingamizi kwamba hakuna ruhusa. Rufaa inatupwa na gharama juu.

Kitu kingine, soma amri yenyewe. Ikiwa ilirekodiwa kwa maafikiano, kifungu cha 67(2) kinafunga rufaa. Kilichobaki ni kuomba maafikiano yafutwe, na lazima uonyeshe udanganyifu, kosa au sababu nyingine inayoweza kuvunja mkataba.

kondele_k
Si maafikiano. Malezi ya muda yamo kwenye orodha?

section58_nakuru
Hayatajwi kwa jina. Omba ruhusa hata kama unaamini huihitaji.

lurambi_sheria
Kuhusu malipo: hayasimami. Agizo la 42 kanuni ya 6 linasema wazi kuwa rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Unaomba usimamishaji kwa kuonyesha hasara kubwa, kwamba hukuchelewa, na kwamba uko tayari kuweka dhamana. Kwenye kesi ya watoto kuna kizingiti cha juu zaidi, Ibara ya 53(2) ya Katiba: maslahi ya mtoto kwanza. Kusimamisha karo na chakula ni ombi gumu sana, na hati ya kiapo inayosema tu "kiasi ni kikubwa" haisaidii.

Kwa maoni yangu rufaa hii haina faida. Mahakama Kuu itaitisha faili, na faili ikitoka kwa hakimu, usikilizaji nao unalala. Unajikuta miezi kadhaa ukiishi chini ya amri ile ile unayoilalamikia. Afadhali kurudi kwa hakimu na kuomba kiasi kirekebishwe, ukiambatisha payslip, risiti za karo na taarifa ya M-Pesa, na papo hapo uombe tarehe ya karibu ya kusikizwa. Kosa lililo ndani ya amri ya muda, kama liligusa uamuzi wa kesi, bado unaweza kulitaja katika rufaa dhidi ya hukumu.

Tahadhari kwa wenye kesi za mali ya ndoa: dikri ya awali (amri rasmi inayoamua haki za pande kabla kesi haijakamilika) ni mnyama tofauti. Mahakama ikiamua kwanza nani ana sehemu gani na kuacha uthamini kwa baadaye, kata rufaa hapo hapo. Kifungu cha 68 cha Sura ya 21 hakitakuruhusu kupinga sehemu hizo ukisubiri dikri ya mwisho.

mumias_mjini
Niongeze mirathi, kwa sababu watu huichanganya na haya. Kesi ikianzia kwa hakimu, rufaa huishia Mahakama Kuu: kifungu cha 50(1) cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160. Ikianzia kwa Kadhi, kifungu cha 50(2) kinaruhusu kufika Mahakama ya Rufaa, ila kwa ruhusa na kwa hoja ya sheria ya Kiislamu tu. Kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi ya rufaa ni siku 14 tangu uamuzi, mpe mwenzako wa upande wa pili nakala ndani ya siku 7, na rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 tangu notisi iingie. Barua ya kuomba mwenendo uliopigwa chapa iandikwe ndani ya siku 30 na mwenzako apate nakala, la sivyo hutafaidika na cheti cha ucheleweshaji (cheti cha mahakama kinachoondoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuandaa mwenendo).

kondele_k
Kwa hiyo ruhusa mwisho ni tarehe 17?

section58_nakuru
Ndiyo. Ikiangukia Jumapili, siku ya kazi inayofuata. Na kwenye e-filing usipandishe hati ukaacha invoisi ikining'inia: bila malipo, hujawasilisha kitu.