MALALAMIKO: Wakala alitupangia kuzamia asubuhi na kupanda mlima alasiri kule Dominica, na tulipokataa akatutoza ada ya mabadiliko

Salaam wanajamvi.

Ninaandika malalamiko haya baada ya kubadilishana barua pepe nyingi na wakala mmoja wa safari ambaye kila mara alinijibu kwa maneno matamu na hajanijibu kwa hoja hata mara moja. Sisi ni kikundi cha wazamiaji, watu wa Tanga, Unguja na Mombasa tunaoishi Uingereza, na wakala huyo naye ni mtu wa kwetu. Ndiyo maana tulimwamini. Tulimlipa malipo ya awali ya kifurushi alichokiita cha asili na kuzamia katika kisiwa cha Dominica, kilichoko Karibi kati ya Guadeloupe na Martinique. Jina la kampuni yake silitaji kwa sababu shauri bado halijaisha. Ninachokileta hapa ni ratiba aliyotuandalia, kwa kuwa ratiba ile ilitosha kabisa kumlaza mtu hospitalini, na tulipomweleza hivyo alituandikia ankara ya ada ya mabadiliko.

Ratiba ilikuwa hivi. Siku ya pili asubuhi tuzamie mara mbili katika hifadhi ya bahari ya Soufrière na Scotts Head, kusini magharibi mwa kisiwa, mahali ambapo kuta za mwamba wa volkano zinashuka wima kuanzia karibu na ufuko hadi kina kisichofikiwa na mzamiaji yeyote wa burudani. Siku hiyohiyo alasiri tuchukuliwe kwa gari hadi Freshwater Lake, ziwa la milimani lililo zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Siku ya tatu tuondoke alfajiri kwenda Boiling Lake kwa miguu. Katikati ya juma kukawa na mchanganyiko wa namna hiyohiyo, na siku ya mwisho tukapangiwa kuzamia Champagne Reef saa mbili asubuhi, kula chakula cha mchana, na kupanda ndege saa tisa alasiri. Ni dhahiri kwamba mwandishi wa karatasi ile alikusanya kila kivutio cha Dominica alichokisikia, kisha akavipachika popote palipokuwa na boti au dereva asiye na kazi.

Kwa wasiozamia, nieleze ubaya uko wapi. Ukiwa mita 30 chini ya maji, mgandamizo unaokuzunguka ni mara nne ya ule wa juu ya bahari, na naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi inaingia katika damu na nyama za mwili kwa wingi usio wa kawaida. Ukipanda polepole kama ulivyofundishwa, naitrojeni hiyo hutoka kidogo kidogo kwa pumzi, lakini haimaliziki pale unapovua mapezi. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi ukiwa umekaa mezani unakula samaki wako. Mtu huyo ukimpeleka mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo zaidi, iwe kwa ndege au kwa gari linalopanda mlima, naitrojeni iliyobaki inaweza kufanya vipovu katika viungo, uti wa mgongo au ubongo. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji, ambao huweza kuanza na maumivu ya bega na ganzi ya vidole, na huweza kuishia katika kupooza.

Mambo haya si siri ya wataalamu. Shirika la Divers Alert Network, ambalo miongozo yake inafundishwa na kufuatwa na wazamiaji wa nchi nyingi, linashauri mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kuruka kwa ndege, na mwongozo huo unahesabu kuanzia mwinuko wa futi 2,000, yaani mita 600 na kitu. Freshwater Lake imevuka kiwango hicho. Njia ya Boiling Lake imekivuka kwa mbali, kwa sababu inapita mgongoni mwa Morne Nicholls, zaidi ya mita 900, kabla haijashuka tena. Ile ndege ya saa tisa sina hata haja ya kuipigia hesabu: mtu anayetoka majini saa nne asubuhi atakuwa amesubiri saa tano mahali anapotakiwa kusubiri 18. Isitoshe, uwanja wa ndege wa Douglas-Charles uko kaskazini mashariki, hoteli yetu ilikuwa upande wa Roseau, kusini magharibi, na barabara inayoviunganisha inakata katikati ya milima, kwa hiyo kupanda kwenyewe kungeanza kabla hatujaiona ndege.

Nieleze na safari ya Boiling Lake, kwa sababu katika ratiba ilielezwa kuwa ni matembezi mepesi ya kufurahia mandhari. Njia inaanzia Titou Gorge, jirani na kijiji cha Laudat, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Trois Pitons, ambayo tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Inapanda, inashuka, inapanda tena, kisha inaingia Valley of Desolation, bonde ambalo mvuke wenye harufu ya salfa unafuka kutoka ardhini, ambako mtembezi anatakiwa kumfuata kiongozi nyuma kwa nyuma kwa kuwa ukikanyaga pasipostahili mguu unaweza kuzama katika tope la moto. Mwisho wake ni shimo lenye upana wa mita 60 hivi, lililojaa maji ya kijivu yanayotokota katikati, na pembezoni mwake maji hayo yamewahi kupimwa yakawa na joto la nyuzi 82 hadi 92 za Selsiasi. Kwenda na kurudi huchukua saa sita hadi saba, na sehemu kubwa ni tope na ngazi za magogo zinazoteleza. Kila mwalimu wa kuzamia anawakataza wanafunzi wake kufanya kazi nzito ya mwili muda mfupi baada ya kuzamia, kwa kuwa nayo huchochea vipovu. Hii ndiyo kazi tuliyopangiwa asubuhi iliyofuata.

Wengi wetu tulijifunzia Mafia na Unguja, na ninafahamu kwa nini jambo hili linaweza kumpita mtu wa pwani yetu: ukitoka majini pale Ghuba ya Chole, mwinuko mkubwa utakaoupanda siku hiyo ni ngazi za nyumba ya wageni. Dominica haiko hivyo. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 750 tu, lakini kilele chake cha juu, Morne Diablotins, kina mita 1,447, na kutoka kwenye boti hadi kwenye ukungu wa milimani ni mwendo mfupi wa gari. Anayeuza kuzamia na milima katika kifurushi kimoja, mahali kama pale, kazi yake ya kwanza ni kuvitenganisha. Kama haijui kazi hiyo, basi auze vyumba vya hoteli peke yake.

Nilimwandikia yote haya kwa utaratibu, pamoja na nakala ya mwongozo. Jibu lake lilikuwa hili, neno kwa neno: "Dada yangu, hivyo ni vilima tu, wageni wengi wamepita na hakuna aliyelalamika." Akaongeza na kikatuni cha kucheka. Nilipomuuliza swali la pili, kwamba mtu wetu akipatwa na tatizo atapelekwa wapi, nani ana oksijeni kwenye boti, na chumba cha tiba ya mgandamizo kitakachompokea ni kipi, alinijibu kwamba bima ipo. Nikaisoma hiyo bima. Ilikuwa inamlinda mzamiaji hadi kina cha mita 18, ilhali ratiba yake mwenyewe ilitaja mizamio ya mita 30.

Kilichoniudhi kupita kiasi ni kwamba kuipanga safari hiyo vizuri si jambo gumu, na tulimpangia sisi wenyewe bure. Milima iwe mwanzoni: Boiling Lake, Boeri Lake, na msitu wa Morne Diablotins kwa wanaotaka kumtafuta sisserou, yule kasuku wa zambarau na kijani aliyeko kwenye bendera ya nchi na ambaye haishi porini mahali pengine popote duniani. Kisha zifuate siku za bahari mfululizo, Scotts Head na Soufrière, bila kupanda popote. Siku ya mwisho kabla ya ndege iwe ya nchi kavu ya chini: boti ya makasia katika Indian River kule Portsmouth, soko la Roseau, au bustani ya mimea ya Roseau, ambako mbuyu ulioangushwa na kimbunga David mwaka 1979 bado umelilalia basi la shule (lilikuwa tupu, tumshukuru Mungu) na mti wenyewe haukufa. Anayeitamani sana Champagne Reef siku hiyo anaweza kuogelea juujuu kwa miwani na mrija, bila mtungi, akaviona vipovu vya gesi ya volkano vikipanda kutoka chini, kwa sababu sehemu kubwa ya mwamba ule haiko kina kirefu. Mpango wote huo uliingia katika nusu ukurasa.

Yapo mengine, nitayapitia haraka. Waraka wake ulituelekeza tubadilishe fedha ziwe peso, jambo linaloonyesha kwamba aliunakili kutoka kwenye safari ya Jamhuri ya Dominika, nchi nyingine kabisa. Dominica hutumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Hakutueleza kwamba ndege ndogo za visiwani zina masharti makali ya mizigo, wakati kila mzamiaji anabeba mkoba mzito wa vifaa. Alituwekea mwezi Septemba kwa kuwa hoteli zilikuwa na punguzo, pasipo kutaja kwamba msimu wa vimbunga unaanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na kwamba kimbunga Maria, cha daraja la 5, kiliipiga Dominica tarehe 18 Septemba 2017 na kuezua mapaa ya kisiwa kizima. Mkataba wake haukuwa na kifungu chochote kuhusu dhoruba.

Halafu kuna nyangumi. Maji ya upande wa magharibi wa Dominica yana wale nyangumi wakubwa wenye meno na kichwa cha mraba, nao huonekana mwaka mzima. Novemba 2023 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwatengea hifadhi ya karibu kilomita za mraba 800. Kuwatazama kutoka kwenye boti ni jambo moja. Kuingia majini pamoja nao kunahitaji kibali maalumu cha serikali, na vibali hivyo havitolewi kiholela. Wakala wetu aliandika "kuogelea na nyangumi: uhakika asilimia 100" na kuliingiza hilo katika bei. Nilipoomba namba ya kibali aliniambia nahodha ni rafiki yake.

Sasa nifike kwenye fedha. Tulipokataa ratiba ya awali na kudai ipangwe upya, alitutumia ankara ya ada ya mabadiliko kwa kila msafiri, akidai kwamba mteja ndiye aliyebadili mawazo. Hatukubadili mawazo. Tulikataa kufanya jambo la hatari ambalo yeye, kama muuzaji, hakustahili kutuuzia. Kwa uelewa wangu, kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu vifurushi vya safari zinambebesha mwandaaji wajibu wa huduma zote zilizomo ndani ya kifurushi, hata zile zinazotolewa na watu wengine kule kisiwani, kwa hiyo hawezi kuniambia kwamba mambo ya kuzamia niwaulize wenye boti. Nimempelekea barua rasmi yenye madai matatu: aifute ada ile, arudishe fedha ya huo mchezo wa nyangumi, na abadilishe bima iendane na kina tunachokwenda. Asipotekeleza, tutavunja mkataba na kudai malipo yetu yote ya awali kupitia benki na, ikilazimu, mahakama ya madai madogo.

Ninaomba mambo mawili kwenu. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa fedha na mwandaaji wa safari hapa Uingereza kwa sababu ya usalama, anieleze alitumia njia gani na ilichukua muda gani. Na kama umenunua kifurushi cha kuzamia kinachofanana na hiki, cha Dominica, Saba, St. Lucia au kisiwa chochote chenye milima, itoe ratiba yako leo uangalie ni saa ngapi zimeachwa kati ya mzamio wa mwisho na mlima, na kati ya mzamio wa mwisho na ndege. Kama hazifiki 18, mwandikie wakala wako kwa maandishi, msiongee kwa simu. Ratiba yetu ya awali, pamoja na majibu yake, nitaiweka katika ujumbe unaofuata nikiwa nimeyafuta majina.