TUPEANE UZOEFU: Ni kitu gani cha enzi za mkoloni bado kiko nyumbani kwenu?

Mjukuu wa Njoro (mwenye uzi)

Habari za jioni, wadau. Mwezi jana tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu guka (babu) kutoka nyumba ya zamani hapa Njoro, maana mabati yalishaoza na mvua ilikuwa inaingia mpaka kitandani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake, katikati ya risiti za pareto na tai aliyovaa harusini, nikakuta kikopo cha bati, ukubwa wa kiberiti kilichonenepa, kina masikio mawili ya kupitishia kamba. Nilipokifungua harufu ya ugoro ilinipanda puani nikapiga chafya mara tatu.

Shangazi akacheka. "Hiyo ndiyo mbugi ya guka yako."

Kwa wasiojua Kikuyu, mbugi ni kengele ya mbuzi. Ndivyo wazee walivyokiita kikopo cha kipande (kitambulisho cha kazi), kwa sababu kilining'inia shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, lakini ilianza kutekelezwa baada ya vita, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa awe nacho: jina, kabila, alama za vidole, umeajiriwa na nani, kwa mshahara gani, umeachishwa lini. Kama mwajiri hajaweka sahihi kwamba amekuachilia, huendi kokote. Ukitoroka ukaandikwe kazi shamba lingine, vidole vyako mwenyewe ndivyo vinakushtaki.

Guka alikuwa skwota, mwana wa skwota, kwa mzungu mmoja upande huu. Jina la mzungu nitaliacha. Mambo ya sheria ya 1918, kwamba skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndiyo aruhusiwe kulima na kufuga kidogo, mimi niliyasoma shuleni. Yeye hakuyataja hata siku moja. Alichokuwa anasimulia ni siku nyapara alipokuja na daftari, akahesabu mbuzi, akasema wabaki wanane. Walikuwa thelathini na mmoja. Guka angeweza kukutajia waliokwenda, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia: yule mwenye pembe iliyovunjika, yule aliyependa kula nguo zilizoanikwa. Nilikuwa nadhani ni uzee unamsumbua.

Kikopo alikifanya cha ugoro baada ya uhuru. Alikitumia mpaka anakufa.

Sasa nyinyi. Nyumbani kwenu kimebaki nini? Hadithi za vitabuni tuache, nataka kitu unachoweza kukishika.

Nyar Kisumu

Karatasi ya osuru. Dani (bibi yangu) aliichomeka kwenye nyasi za paa, na paa lilipobadilishwa aliihamishia ndani ya Biblia. Imekuwa rangi ya chai, huwezi kusoma chochote isipokuwa muhuri.

Osuru ni kodi ya nyumba, na neno "nyumba" hapo lisikupite hivihivi. Walihesabu vibanda. Mzee mwenye wake watatu alilipa mara tatu, na kule kwetu kila mke lazima awe na nyumba yake. Dani alikuwa anasema kuna wakati vijana walilala wengi kwenye simba moja (kibanda cha vijana), wakichelewesha kujijengea, kwa sababu ukisimamisha ukuta tu askari wa chifu keshafika. Na pesa ya kulipa ungeitoa wapi kama si kwenda kufanya kazi kwa mzungu? Ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe. Reli ilishafika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na hiyohiyo reli ndiyo iliyowabeba watu wetu kwenda mashambani huko kwenu Nakuru.

Kodi ilipofika shilingi 16 watu walichoka. Desemba 1921 wakakutana Lundha, Gem, walimu na wasomi wa shule ya Maseno akina Jonathan Okwiri pamoja na wananchi wa kawaida. Mkutano ukaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walidai kodi ishuke, kipande kiondolewe, na walikataa ile habari ya 1920 ya kutufanya koloni. Kodi ilishushwa ikawa shilingi 12. Kipande kiliendelea. Kwa hiyo Mjukuu wa Njoro, huo ugoro wako sisi pia tuliupigia kelele.

Arap Kapsabet

Bangili ya shaba ya kogo, yaani bibi yangu. Yeye anaapa ni waya wa simu, ule ambao Wanandi walikuwa wakiukata njiani reli ilipokuwa inajengwa. Mimi kwa siri nadhani aliinunua dukani, lakini nani atamwambia mama wa miaka tisini?

Kukata waya kulikuwa kweli, na vita vilikuwa kweli. Kuanzia 1895 mpaka 1905, miaka kumi, jeshi linakuja linarudi. Mnajua kilivyoisha: 19 Oktoba 1905, afisa Mwingereza Meinertzhagen aliitisha mazungumzo ya amani na Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wetu, Koitalel arap Samoei, na hapo mazungumzoni akampiga risasi. Wakamfanyia uchunguzi mara tatu, mara tatu wakasema hana kosa. Vifimbo vya uongozi vya Koitalel vilikaa Uingereza mpaka 2006.

Kogo akisimulia hafiki kwenye risasi. Anakomea kwenye mkono: kwamba mtu alikuja kusalimiwa. Mpaka leo mgeni asiyemjua akimpa mkono, anauangalia kwanza.

Mtu wa Kericho

Nikazie hapo kwa Arap Kapsabet. Sisi ni Talai, ukoo huohuo wa Koitalel, upande wa Kipsigis. Mwaka 1934 walitunga sheria mahususi ya kutuhamisha sisi peke yetu. Ukoo mzima, watoto na wazee, ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliporudi 1962 ardhi ilishakuwa majani chai.

Kitu kilichobaki: hakuna. Ila babu aliyezaliwa Gwassi aliongea Kijaluo kuliko Kikipsigis, na alipenda samaki kupita kiasi. Ukoo wa ng'ombe na maziwa, mzee anadai mbuta!

Shikhule

Kwetu kimebaki shimo. Sitanii. Kakamega, nyuma ya nyumba ya guga (babu), kuna shimo ambalo tumelifunika kwa magogo ili ng'ombe wasitumbukie. Dhahabu ilipatikana 1931, wazungu wakamiminika na mahema. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1930, serikali ilikuwa imetunga sheria inayosema ardhi ya rizavu (iliyotengewa Waafrika) ni ya wenyeji milele. Milele ilidumu miaka miwili. 1932 wakaibadilisha haraka haraka ili waweze kuchukua ya kuchimba bila kutoa ardhi nyingine badala yake. Mtaa wa Rosterman mnaoujua umeitwa kwa jina la mgodi.

Kukhu (bibi) alikuwa akitumia neno "milele" kwa utani. Ukimwahidi sukari anakuuliza, "Ya lini? Isiwe ile milele ya mzungu."

Kijana wa Milimani

Sisi kwetu kimebaki kuvaa suti kwenye jua la saa saba mchana. Naomba kuondoka.

Ole wa Mau Narok

Nimesoma yote nikanyamaza, lakini acha niseme.

Kwetu hakijabaki kitu cha kushika, kwa sababu tulihamishwa na kila kitu. Agosti 1904 kiongozi wetu Olonana na wazee wengine waliweka alama kwenye mkataba na Sir Donald Stewart, kamishna wa Waingereza. Bonde lote la Naivasha na Nakuru likaachwa kwa walowezi, sisi tukagawanywa, wengine Laikipia, wengine kusini. Mkataba ukasema utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo kama taifa. (Shikhule, nadhani hiyo "milele" ilitengenezwa kiwanda kimoja na yenu.) 1911 wakaandika mwingine, Laikipia nayo ikaondoka. 1913 ole Njogo na wenzake walikwenda kortini, na jibu walilopewa ndilo linanichekesha mpaka leo: mkataba huu ni kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Siku ya kuchukua nyasi sisi ni raia watiifu. Siku ya kudai tukageuka nchi ya kigeni.

Kilichobaki ni majina. Nakuru ni neno letu, mahali pa vumbi. Naivasha ni letu. Mnalala na kuamka ndani ya maneno yetu. Mjukuu wa Njoro, simchukii guka yako, naye aliletwa akafungwa kengele. Ila wale mbuzi thelathini na mmoja walikuwa wanakula nyasi, na nyasi zilikuwa na wenyewe.

Mtafuta Ukweli

Tumeanza. Mzungu ameondoka 1963, mashamba walichukua nani? Tuongee na hilo pia.

Binti wa Mariashoni

Mtafuta Ukweli, hilo sisi Ogiek, watu wa msitu wa Mau, tunaliongea bila kuogopa, maana waliotufurusha ni wa kabla na wa baada. Tume ya ardhi ya Carter mwaka 1933 ilipendekeza "Wandorobo", ndivyo walivyotuita, tusiwe na ardhi yetu, tumezwe na makabila jirani. Uhuru ulikuja, barua za kutuondoa msituni zikaendelea kuja. Tulikwenda mpaka Arusha, Mahakama ya Afrika ikatupa haki 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru tulipwe shilingi milioni 157.85 na turudishiwe ardhi. Msitu bado tunausubiri.

Kitu: mzinga wa babu. Ni wa mwerezi, umechongwa kwa mkono, mweusi kwa moshi. Uliteremshwa mtini siku ya kufurushwa na haujapandishwa tena. Mama anauwekea mahindi. Siku za jua kali ukikaa karibu nao unanukia asali, mimi sielewi inatoka wapi baada ya miaka yote hiyo.

Mjukuu wa Njoro (mwenye uzi)

Nimerudi. Ole, sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na la kusema, na bado ninalo kidogo tu. Mtafuta Ukweli, swali lako ni halali, ila lifungulie uzi wake.

Nilimsomea shangazi ujumbe wa Ole jana jioni akichambua maharagwe. Akaniuliza huyo ni wa ukoo gani, nikasema sijui. Akaendelea kuchambua, halafu akasema kuna mzee wa Kimaasai alikuwa akija shambani kwa mzungu wakati yeye ni msichana mdogo, kabla ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Alikuja peke yake, kwa miguu, labda mara moja kwa mwaka. Anapita lango la ng'ombe, anakwenda moja kwa moja mpaka lile jiwe kubwa karibu na bomba la maji, anaketi. Cucu (bibi) anampelekea maziwa kwenye kibuyu. Anakunywa, anakaa mpaka jua likiegemea, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Guka alikuwa analiacha lango bila kufungwa akijua msimu wake umefika, na nyapara aliwahi kumkata mshahara kwa hilo.

Jiwe bado lipo. Sasa liko kwenye ploti ya jirani, wameanikia nguo.

Ole, kuna mzee wa kwenu aliyekuwa akija huku?

Ole wa Mau Narok

Wewe. Ngoja nimpigie baba simu.

Na umwambie jirani asilivunje kwa kokoto.