Pytest haioni moduli zangu: niweke pythonpath au nihamie src?

kijana_terminali: Wakuu, habari za jioni. `python main.py` inakwenda vizuri, ila nikiandika `pytest` kuendesha testi napata ModuleNotFoundError (moduli haikupatikana). Niweke `pythonpath` (folda za kutafutia moduli) kwenye pyproject.toml, faili ya mipangilio ya mradi, au nihamishie kila kitu kwenye folda ya src halafu `pip install -e .`, yaani kusakinisha kwa kuielekeza Python kwenye folda yenyewe? Kesho namkabidhi mwenzangu kazi.

Zuhura_Py: Mkuu, pytest toleo gani? Folda zimekaaje? Bila hayo tutabahatisha tu.

mtu_wa_pwani: Jaribu kwanza `python -m pytest`. Ukiita `pytest` tupu, folda uliyosimama haiingii kwenye sys.path, orodha ya mahali Python inapotafuta moduli. Ukipitia `python -m` inaingia.

Zuhura_Py: Na mwenzake kesho akiandika `pytest` tupu? Yatarudi yale yale.

mama_seva: Mimi ni src tu, na nina sababu. Kazini kwetu zamani paketi ilikaa mzizini mwa mradi, testi zote kijani. Tukapeleka kwa mteja, programu ikaanguka: haina moduli `malipo.risiti`. Kumbe folda ya risiti haikuwa na `__init__.py`, faili ya kuitambulisha folda kama paketi. Python tangu 3.3 inaikubali folda ya namna hiyo bila neno, lakini `find_packages` ya setuptools, chombo cha kufungasha paketi, inairuka, kwa hiyo haikuingia kwenye wheel, yaani kifurushi cha kusakinisha. Pytest ilikuwa inasoma faili za mradi, si kilichosakinishwa. Mteja alishinda bila kutoa risiti, na simu zilipigwa mpaka usiku.

fundi_wheel: Pole dada, lakini `-e` isingewaokoa. Inaelekeza kwenye src ile ile, na Python ingeiona risiti kama kawaida. Jenga wheel, isakinishe kwenye mazingira safi, ndipo uendeshe testi. Tox, chombo cha kuendesha testi kwenye mazingira safi, inaifanya kazi hiyo yenyewe.

mama_seva: Kweli kwa `-e`. Ila src ndiyo inayofanya testi kwenye tox isome kilichosakinishwa badala ya folda ya pembeni. Sihami.

mtu_wa_pwani: Tumieni PyCharm, programu ya kuandikia kodi, inaweka mizizi ya mradi kwenye PYTHONPATH.

Zuhura_Py: Ndiyo inayowafanya watu waseme "kwangu inakubali". Seva haina PyCharm.

kijana_terminali: Samahani kwa kuchelewa. Pytest 6.2.5. Kuna main.py, duka/ na tests/, na tests haina `__init__.py`. Nimeweka `pythonpath`, inatoa onyo kwamba haiijui.

Zuhura_Py: Haiwezi kuijua, imeanza 7.0. Pandisha toleo. Au weka `__init__.py` tupu ndani ya tests, mzizi utaingia wenyewe.

fundi_wheel: Ukipandisha, ukiwa na test_utils.py mbili folda tofauti, majina yasigongane tazama pia `--import-mode=importlib`.