Naomba ushauri: chai ya mnanaa ya Moroko inanitokea chungu

Ndugu wanajamvi, salaam. Najifunza kuandaa chai ya Moroko, ile ya majani ya kijani yaliyoviringwa kama punje za baruti, mnanaa mbichi na sukari, ambayo mwenyeji huimimina kutoka juu hadi povu litande kwenye bilauri. Povu nalipata bila shida. Tatizo ni uchungu, ambao hubaki ulimini hata baada ya kuyasuuza majani kwa maji ya moto na kupunguza muda wa kuyachemsha, na sitaki kuuficha kwa kuongeza sukari, maana iliyomo inatosha kabisa. Je, maji ya kwanza ya kusuuzia humwagwa, au hurudishwa kwenye birika? Na mnanaa utiwe kabla ya kuchemsha, au birika likishaepuliwa? Natanguliza shukrani.