Nguvu ya msuluhishi inatoka wapi, kwenye mkataba au kwa serikali?

mwanafunzi_sheria
Wakuu habari. Nasoma usuluhishi wa biashara wa kimataifa nimekwama kwenye nadharia. Wengine wanasema msuluhishi (yule mtu anayeamua mgogoro badala ya hakimu) ana nguvu sababu wahusika walikubaliana wenyewe kwenye mkataba, wengine wanasema bila sheria ya nchi kumruhusu hana lolote. Hivi kwa mteja inabadilisha nini, au ni ya mtihani tu?

wakili_mzoefu
Inabadilisha sana mkuu. Soma kesi ya Putrabali. Muuzaji wa Indonesia, ndo huyo Putrabali, kamuuzia Mfaransa pilipili manga, mzigo ukapotelea baharini, mnunuzi akagoma kulipa, wakaenda usuluhishi London na 2001 mnunuzi akashinda. Muuzaji akaenda mahakama ya Uingereza, tuzo (yaani uamuzi wa wasuluhishi) ikatenguliwa sehemu, wasuluhishi wakatoa nyingine 2003 na safari hii muuzaji ndo kashinda. Sasa mnunuzi kabeba ile ya kwanza, ambayo London ilishatenguliwa, kaipeleka kwao Ufaransa, na 2007 Cour de cassation, mahakama ya juu ya huko, ikaikubali! Ikasema tuzo ya kimataifa haijafungwa kwenye mfumo wa sheria wa nchi yoyote. Hiyo ndo nadharia ya kujitegemea, na mimi naiona ya hatari, maana pilipili ni ileile ila washindi wawili.

Nahodha
Hatari ipo ila Mkataba wa New York wa 1958, ule wa nchi kutambua na kutekeleza tuzo za nje, wenyewe umeacha huo mlango wazi. Kifungu cha V kinasema utekelezaji wa tuzo iliyotenguliwa "unaweza" kukataliwa, hakijasema lazima. Mimi niko na wale wa nadharia mseto: makubaliano ndo yanamuweka msuluhishi kwenye kiti, lakini msuluhishi hana polisi wala dalali wa mahakama, siku mdaiwa akigoma utabisha hodi kwa hakimu tu na yeye anafuata sheria za kwao.

mwanafunzi_sheria
Aah nimeanza kuelewa. Kwa hiyo nikiandika kifungu cha usuluhishi niangalie nini?

wakili_mzoefu
Kiti. Yaani nchi ambayo usuluhishi unahesabika umefanyika hata kama vikao mmekaa kwingine, maana mahakama za hapo ndo zinaweza kuitengua tuzo. Watu wanabishana bei wiki nzima alafu kiti wanakijaza dakika ya mwisho, inaniuma sana. Na kabla hujasaini uliza mali za mwenzako ziko nchi gani, sababu huko ndo utaenda kuidai.